Wiki Kumi za Masika Kando ya Ziwa Naivasha: Mwongozo wa Kutazama Ndege, Wadudu na Maua ya Porini

Mwezi wa Aprili watu wa Ulaya hutoka nje kuwapokea mbayuwayu. Mbayuwayu hao hao, wiki chache kabla, walikuwa wamejipanga kwenye nyaya za umeme pale Karagita wakisafisha manyoya, nasi tukapita chini yao bila hata kuinua macho. Huku kwetu hakuna majira ya kuchipua baada ya theluji. Tuna masika, na masika yakiingia Naivasha ziwa linakuwa kama stendi ya mabasi siku ya kuamkia Krismasi: wengine wanafunga safari, wengine ndio wanashuka, na wenyeji wanaendelea kujenga nyumba zao kana kwamba hawasikii kelele.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeweza kutenga asubuhi moja kwa wiki, kuanzia wiki ya pili ya Machi hadi katikati ya Mei. Huhitaji kujua jina la ndege yeyote. Sharti langu ni moja tu: rudi mahali pale pale. Wageni wengi hupanda mashua mara moja, wakahesabu aina 60 za ndege, wakarudi Nairobi jioni bila kujua hata mmoja wao anaishi vipi. Anayekaa kwenye mita 200 za ufuo kwa wiki kumi huona vitu ambavyo yule wa mashua hataviona.

Hatua ya 1: Tafuta kipande chako cha ufuo

Naivasha iko kama kilomita 90 kaskazini-magharibi mwa Nairobi, na ziwa lenyewe tangu 1995 limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Hiyo haina maana kwamba unaweza kushuka popote. Sehemu kubwa ya ufuo iko nyuma ya ua wa mtu: mashamba ya maua, hoteli, nyumba za watu binafsi. Mlango wa bure ni fuo za wavuvi kama Kamere na Karagita. Ukiwa na pesa kidogo ya kiingilio, kisiwa cha Crescent na Elsamere kwenye barabara ya Moi South Lake ni pazuri. Kama unafanya kazi shambani au hotelini, omba ruhusa ya kukaa ufuoni asubuhi za Jumapili. Mara nyingi anayeamua ni askari wa getini, na anataka tu kujua unaenda kufanya nini.

Chagua mahali penye vitu vitatu pamoja: maji yaliyo wazi, mafunjo au matete, na nyasi zenye migunga ya magome ya manjano. Pakikosa kimoja utakosa theluthi ya mwongozo huu.

Nenda kwanza mchana, ukague. Kina cha ziwa hili hakitulii. Naivasha iko kwenye kivuli cha mvua cha milima ya Nyandarua, yaani milima inaizuilia mvua, lakini mto Malewa unateremka kutoka huko na Gilgil kutoka kaskazini, kwa hiyo maji yanaweza kupanda na wewe hujalowa hata tone. Mwaka 2020 yalipanda hadi yakaingia kwenye nyumba za watu. Migunga iliyozama ikakauka imesimama, na leo matawi yake meupe ndiyo viti vya mnandi wanaoanika mabawa. Njia uliyopita mwaka jana huenda sasa ni makazi ya kambare.

Hatua ya 2: Mjue kiboko kabla ya ndege

Hapa sina mzaha. Kiboko wa Naivasha ameua watu, wengi wao wavuvi na watu waliokuwa wakipita zao. Hutoka majini usiku kula nyasi na kurudi karibu na mapambazuko. Hatari kubwa ni kusimama kati yake na maji wakati anarudi.

Kwa hiyo usifike kabla ya jua kuchomoza. Saa moja kasorobo asubuhi ni mapema ya kutosha, na mwanga upo. Ukikuta njia pana ndani ya nyasi, yenye mifuo miwili na tuta dogo katikati, hiyo ni barabara yake. Usikae hapo hata kama ndege wamejaa. Usiingie kwenye mafunjo usiyoweza kuona upande wa pili. Na kabla ya yote waulize wavuvi: "Habari ya asubuhi, wazee. Wale wakubwa wako upande gani leo?" Watakuonyesha kwa kidevu, na hawakosei. Ukikodi mashua, usipande ile ambayo nahodha wake hana jaketi okozi la kukupa.

Hatua ya 3: Beba vichache

Darubini ya 8x42, inayokuza mara nane, inatosha. Watu hukimbilia ya mara 10 wakidhani ukubwa ndio ubora, kumbe ndani ya matete mkono unatetemeka na ndege anapotea kabla hujampata. Kama huna darubini, anza bila. Furukombe, mwari na kwarara hawahitaji kioo. Vaa gambuti, beba koti la mvua na kofia. Daftari na penseli, si kalamu, maana karatasi yenye unyevu huikataa wino. Simu ya kupigia picha. Na kigingi cha mti chenye alama za sentimita, ukichomeke ukingoni mwa maji siku ya kwanza: utashangaa wiki ya sita kiko wapi.

Hatua ya 4: Nusu saa ya kwanza, kaa tu

Ukifika, kaa chini mgongo ukiegemea mti. Usiandike chochote. Ndege waliokuona ukija wamenyamaza au wamesogea, na inawachukua kama robo saa kukusahau. Baada ya hapo utaanza kusikia tabaka za sauti: kwera wakigombana, kwarara wakipita juu na ule mlio wao kama mlango wenye kutu, na furukombe akirusha kichwa nyuma na kulia, mwenzake akamjibu kutoka mti wa mbali.

Mpangilio wa asubuhi nzima ni rahisi. Ndege hadi saa tatu hivi. Wadudu kuanzia saa tatu na nusu jua likishapasha. Maua ni ya katikati, isipokuwa yale ya buluu nitakayoyataja, ambayo hayakungoji. Mvua za msimu huu hupenda kuja mchana, kwa hiyo saa sita uwe unarudi.

Hatua ya 5: Wanaoondoka (Machi hadi katikati ya Aprili)

Anza na wasafiri kwa sababu muda wao ni mfupi. Mbayuwayu wa Ulaya alikuja Septemba akiwa amechakaa. Katika miezi yake huku hubadilisha manyoya, na ifikapo Machi amevaa mapya: mgongo wa buluu inayong'aa, uso mwekundu wa matofali, na ncha mbili ndefu za mkia. Angalia nyaya na matete wakati wa kuanza. Wahesabu kila wiki, hata kwa kukisia kwa makumi. Namba hiyo ndiyo itakayokusimulia safari yao kuliko picha yoyote.

Kwenye nyasi fupi, hasa palipo na ng'ombe, kuna ndege mwembamba anayetikisa mkia muda wote. Mapema Machi ana rangi iliyofifia, kijivu na manjano ya chai ya maziwa. Wiki tatu baadaye kifua chake ni manjano kama ganda la ndizi, na kichwa kinaweza kuwa cha buluu-kijivu, cheusi au cha manjano kutegemea anatoka pande gani za Ulaya au Asia. Mwaka wangu wa kwanza niliandika aina tatu tofauti na nikajisifu sana. Wote walikuwa mtikisa-mkia yule yule wa manjano, akibadilisha nguo.

Ukingoni mwa tope tafuta vitwitwi. Usijisumbue kuwatenganisha wote sasa. Anza na mmoja tu, yule anayechezesha kiuno juu chini bila kupumzika na kuruka chini chini juu ya maji kwa mabawa yaliyokakamaa. Ukimjua huyo, wengine utawapima kwake. Mwishoni mwa Machi na Aprili inua macho pia angani, maana keremkerem wa Ulaya hupita kwa makundi juu sana, na utawasikia kabla ya kuwaona: sauti laini inayobiringika kooni. Ndani ya migunga kuna ndege mdogo wa kijani-manjano ambaye miezi yote alikuwa kimya. Karibu na kuondoka huanza kuimba wimbo unaoteremka taratibu. Wimbo huo ni wa misitu ya Ulaya, ila mazoezi anayafanyia hapa.

Hatua ya 6: Wanaojenga

Mvua ikishanyesha vizuri mara mbili tatu, hamisha darubini kwa wenyeji. Dudumizi atakuwa ameshatangaza, na ile sauti yake ya maji yanayomiminwa kutoka chupani. Wazee husema akilia mvua iko njiani. Mimi nimemsikia hata siku za jua kali, lakini sijawahi kuthubutu kumbishia mzee.

Kwera ndio walimu bora, kwa sababu kila kitu wanakifanya hadharani. Dume huanza na pete ya majani mabichi iliyofungwa kwenye tawi, kisha chumba, kisha mlango unaoangalia chini. Akimaliza hujining'iniza na kupiga mabawa huku jike akikagua. Jike akikataa, na nyumba ikishakauka rangi, dume huibomoa na kuanza upya. Chagua kiota kimoja, kichore, na ukitazame kila wiki. Karibu na kwera msikilize kekeo mdogo wa kijani na mweupe mwenye mlio unaorudia-rudia kama kulalamika. Jike wake hutaga ndani ya viota vya kwera na kuwaachia wao malezi.

Juu ya majani yanayoelea utamwona sile-maua, ndege wa kahawia mwenye vidole virefu mno, akitembea kana kwamba maji ni sakafu. Kwake mambo yamepinduka: jike huwa na madume zaidi ya mmoja, na dume ndiye anayeatamia na kulea. Ukimwona dume mwenye miguu mingi kuliko miwili, ni vifaranga amewabeba chini ya mabawa, vidole vinaning'inia.

Mdiria mweupe na mweusi anayepiga mabawa akiwa amesimama angani naye ni rahisi: dume ana mikanda miwili kifuani, jike mmoja uliokatika katikati. Na lile lundo kubwa la vijiti kwenye uma wa mti, ambalo mtu anaweza kudhani limeletwa na mafuriko, ni kiota cha fundichuma, kina paa na mlango wa pembeni.

Usikaribie kiota chochote zaidi ya pale ndege anapoanza kukupigia kelele. Akianza, umeshapita mpaka. Rudi hatua kumi.

Hatua ya 7: Wadudu, jua likipanda

Siku moja baada ya mvua kubwa ya kwanza, ardhi itatoboka na kumbikumbi watatoka. Achana na mpango wako wa siku hiyo. Kila kiumbe kinakuja karamuni: mbayuwayu, kwera, mwewe, hata tai wakubwa wanatembea chini kama kuku. Baada ya saa moja limebaki zulia la mabawa. Andika saa waliyoanza na muda tangu mvua ikome, maana ni kitu ambacho unaweza kukilinganisha mwaka hadi mwaka.

Kisha kereng'ende. (Kiswahili kimempa jina hilo hilo ndege wa jamii ya kwale, ukimwambia mtu umeona kereng'ende, mweleze kama alikuwa na mabawa manne.) Kanuni ya kwanza ni moja: akitua na kuyaacha mabawa wazi ni kereng'ende kamili, akiyakunja mgongoni na mwili ni mwembamba kama sindano, ni wa kundi la pili, dhaifu zaidi. Dume huwa na kituo chake kwenye ncha ya tete, hufukuza wengine na kurudi pale pale, kwa hiyo usimkimbize. Lenga simu kwenye kituo na usubiri. Njoo pia mapema siku moja uangalie mashina ya mafunjo karibu na maji: utaona maganda makavu yaliyopasuka mgongoni, yameshikilia shina kama bado yana uhai. Huko ndiko kereng'ende alikotokea baada ya kuishi majini utotoni.

Mmoja hutua mara chache sana. Ni wa rangi ya dhahabu, huelea kwa makundi juu ya nyasi kabla na baada ya mvua. Hufuata mvua popote zinapokwenda, akataga kwenye madimbwi ya muda, na wanasayansi wanaamini vizazi vyake huvuka Bahari ya Hindi kati ya India na Afrika Mashariki.

Kwa vipepeo, tafuta mmea wenye matunda yaliyovimba kama vibofu na utomvu mweupe. Hapo utakuta kiwavi mwenye mistari myeusi, myeupe na ya manjano, na kipepeo wa rangi ya chungwa anayeruka polepole bila woga. Hana haraka kwa sababu sumu ya mmea huo imo mwilini mwake, na ndege wanajua. Lakini tazama vizuri: kuna jike wa aina nyingine kabisa, asiye na sumu, anayemwigiza. Bawa la nyuma ndilo litakalokuambia. Mwenye sumu ana madoa meusi matatu au manne katikati. Mwigaji ana moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Nilikaa wiki nne kabla ya kumpata mwigaji wangu wa kwanza, na nilipiga kelele hadi wavuvi wakasimama.

Mdudu mmoja wa kuepuka: mwembamba, hafiki sentimita moja kwa urefu, ana mikanda myekundu na myeusi, hutembea amepinda mkia. Wakenya humwita Nairobi fly. Haumi, hachomi. Ukimponda ndipo sumu yake inaunguza ngozi, na malengelenge huja siku inayofuata. Mpulize aondoke. Mimi nilimpiga kofi shingoni bila kuangalia, na kwa wiki mbili nikawa navaa skafu kwenye joto. Ukimgusa, osha kwa sabuni na maji mara moja, na usipanguse macho.

Hatua ya 8: Maua

Ulimwengu unaijua Naivasha kwa waridi za kwenye mabanda ya plastiki. Maua ya porini yako nje ya ua, hayana soko, na mengi ni madogo. Piga magoti.

La kwanza kutafuta ni la kongwa, mmea unaotambaa kwenye nyasi zenye unyevu, lenye petali mbili za buluu safi. Hufunguka asubuhi na kufikia mchana limenywea, hivyo usiliache la mwisho. Kati ya vichaka, ukibahatika baada ya mvua za kwanza, utakuta tufe jekundu la nyuzinyuzi limechomoza ardhini peke yake, hata majani hayajakamilika. Kwenye ndulele, yenye maua ya zambarau na matunda ya manjano usiyopaswa kuyaonja, fanya zoezi la masikio: nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao hushika ua na mvumo wake ukabadilika ghafla, ukawa mkali. Anatikisa chavua itoke kwenye vitundu vidogo. Nyuki wa asali hawezi kufanya hivyo.

Shina refu lenye vishada vya maua ya rangi ya chungwa vilivyozunguka kama mikufu ni kituo cha ndege aitwaye chozi. Kaa mita kumi, usimfuate. Atarudi kila baada ya dakika chache. Upande wa vilima, majani ya fedha yenye harufu ya kafuri ni leleshwa.

Ziwani kwenyewe ua la kupendeza zaidi ni la mhalifu. Gugu maji lina maua ya zambarau hafifu yenye jicho la manjano, nalo ni la Amerika Kusini. Liliingia Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1980. Yungiyungi la buluu, lililokuwa la hapa, lilikaribia kutoweka baada ya kamba wa Louisiana, mnyama wa majini mwenye magamba na makucha, kuletwa mwaka 1970 na kuanza kula mimea ya majini. Ukiona yungiyungi hata moja, andika mahali na tarehe.

Usichume. Piga picha nne: ua kwa mbele, ua kwa upande, jani na jinsi linavyoshikana na shina, kisha mmea mzima ukiwa na kidole chako kuonyesha ukubwa. Picha ya ua peke yake haimsaidii mtu kulitambua.

Hatua ya 9: Daftari, kisha wengine

Kila ukurasa: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, hali ya hewa, alama ya maji kwenye kigingi. Halafu ulichoona na kilikuwa kinafanya nini. "Mnandi 40, wanaanika mabawa" ni bora kuliko "mnandi wengi".

Ukishazoea, orodha ya ndege ipeleke Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya, ambao umegawa nchi kwa viraba vya takriban kilomita 9 kwa 9. Orodha kamili inahitaji angalau saa mbili za kutazama ndani ya kiraba kimoja. Picha za wadudu na maua zipandishe iNaturalist, tovuti ya kutambua viumbe, na watu watakusaidia majina. Ukiwa Nairobi, matembezi ya ndege ya Nature Kenya ya Jumatano asubuhi, yanayoanzia makumbusho, yamekuwepo tangu 1971, na hakuna anayemcheka anayeanza.

Katikati ya Mei nyaya za Karagita zitakuwa tupu. Usiruke mstari huo. Andika "mbayuwayu 0", pamoja na tarehe, na uache ukurasa mmoja mweupe wa Septemba, watakaporudi na watoto wao wenye mikia mifupi.